Neno moja katika Luka: «nyumba ya wageni»

Biblia ya Kiswahili iitwayo Union, iliyotoka mwaka 1952, tunaisoma na kuisifu. Lakini katika Luka 2:7 kuna neno linalotusumbua. Yosefu na Maria hawakupata nafasi katika «nyumba ya wageni». Mtu wa Wamaza akisikia hivi, mara anawaza nyumba ya kulipia feza, na mwenye nyumba anasimama mlangoni kuwafukuza. Mwenye nyumba huyo hayumo katika Evanjili hata kidogo. Ni sisi tunaomweka katika michezo yetu ya Noeli.

Luka aliandika kwa Kigriki «katalyma». Neno hilohilo linarudi katika 22:11, Yezu anapotafuta mahali pa kula Pasaka, na hapo watafsiri wameandika vizuri «chumba cha wageni». Nyumba ya kulipia Luka anaijua sana: ile ya Msamaria (10:34) anaiita «pandokeion», na mwenyewe anapewa dinari mbili. Basi maneno mawili ya Luka yamekuwa moja katika Kiswahili. Yawezekana kabisa kwamba Maria na Yosefu walikuwa wamekwisha kupokelewa nyumbani mwa watu, chumba tu kikawa kimejaa. Je, tuna haki gani ya kuwashitaki watu wa Betlehemu?

Tena «katalyma» linatoka katika kufungua: mnyama afunguliwe mzigo, msafiri apumzike. Sisi nasi tulikuwa na neno la namna hiyo. Wapagazi waliotoka Ujiji, wakavuka Tanganyika na kupitia Kabambare mpaka Kasongo na Nyangwe, walitua mizigo, na mahali pa kutua ndipo kituo. Leo kituo ni cha afya, cha polisi, cha motokari. Mgeni ametoka ndani yake. (Livingstone, aliyeugua Kabambare mwaka 1870, aliandika kwamba alipokuwa Manyema alisoma Biblia yote mara 4. Biblia ya Kiingereza ya siku zake ilichanganya palepale.)

Waingereza nao wamepoteza. Katekisimu za Wakatoliki wao zilitaja tendo la huruma «to harbour the harbourless», maana yake kumpa malalo asiye na malalo. Leo kitenzi hicho wanakitumia zaidi kwa mtu anayemficha mwizi.

Hatuombi «kituo» kirudi Betlehemu. Watu wangewaza polisi. Tunaomba «chumba cha wageni» tu, neno ambalo watafsiri walikuwa nalo tayari, sura 20 mbele.