Nondo Zisizopunguzwa

Zege halilali, husema mafundi wa Dar es Salaam: likishachanganywa, lazima limwagwe siku hiyohiyo. Ndiyo maana kazi ya fundi nondo humalizika kabla mashine ya kuchanganyia haijawashwa, na ikifika jioni hakuna tena anayeiona. Mgeni akija atasifu vigae na rangi.

Zege hubeba vizuri mzigo unaoligandamiza, lakini likivutwa hukatika upesi. Uwezo wake hapo ni kama sehemu moja tu ya kumi. Kasoro hiyo huzibwa na chuma: mtunza bustani Mfaransa, Joseph Monier, alitia wavu wa chuma ndani ya vyungu vyake vya saruji, na mwaka 1867 akapewa hataza.

Chuma kiasi gani kinatosha? BS 8110, kanuni ya Uingereza iliyoondolewa huko mwaka 2010 lakini waliyoisomea wahandisi wengi wa Afrika Mashariki, ilitaka slabu yenye nondo za nguvu kubwa iwe na chuma kisichopungua asilimia 0.13 ya eneo la mkato wake. Slabu ya unene wa milimita 150, kwa kila mita moja ya upana, inadai milimita za mraba 195 za chuma. Nondo za milimita 8 zikipangwa kila milimita 250 zinatoa 201.

Hesabu hiyo haiulizi chumbani vitaingia vitanda vingapi. Inaliangalia zege lenyewe. Siku litakapopasuka, mvuto wote liliokuwa likiubeba huhamia kwenye nondo kwa mpigo mmoja. Nondo zikiwa pungufu, hukatika papo hapo na slabu hushuka bila kuaga. Zikitosha, hunyumbuka: ufa hupanuka, slabu hubonyea katikati, waliomo wakapata muda wa kutoka.

Lakini idadi peke yake haitoshi. Kwenye kibaraza kinachoning'inia nje ya ghorofa, mvuto uko juu. Wabeba zege wakizikanyaga nondo hadi chini, chuma chote kipo na hakina kazi. Fundi hodari huziegemeza kwenye vikalio vya chuma.

Kwenye nguzo, kanuni hiyohiyo ilitaka ringi zinazozifunga nondo zisiachane zaidi ya mara 12 ya kipenyo cha nondo nyembamba kuliko zote. Kwa nondo za milimita 12, ni milimita 144. Mwenye nyumba akiomba ziachanishwe 300 ili kubana matumizi, fundi huyu huvuta futi kamba, akafunga waya palepale penye alama, kisha akamwita mhandisi aje kukagua kabla mbao hazijapigwa.