Lita Nzima Si Kipimo

Fundi pikipiki wa Tukuyu anajulikana kwa mahali anapoegesha pikipiki kabla ya kupima oili. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, umejaa miteremko, na sehemu tambarare ni ya kutafuta. Gereji nyingi ni banda la mabati: mbele barabara iendayo Kyela, nyuma migomba na bonde. Fundi anayejiheshimu ana kipande chake cha sakafu iliyonyooka, hata kama kinatosha magurudumu mawili tu, na hapo haruhusu mtu kuweka kreti ya soda.

Sababu ni hii. Injini ya bodaboda hubeba oili kidogo, na oili hiyohiyo hulainisha pistoni, klachi na gia. Kosa la glasi moja tu ni kubwa. Pikipiki ikilalia stendi ndogo huinamia kushoto, na oili hukimbilia huko. Kwenye injini za ukoo wa Honda CG125, ambazo Wachina wamezinakili kwa majina chungu nzima, mdomo wa kujazia uko kulia. Kwa hiyo kijiti cha kupimia kitatoka kikavu, fundi ataongeza, na pikipiki itaondoka imeshiba kupita kiasi. Dai stendi kubwa, pikipiki isimame wima.

Halafu kuna mtego wa chupa. Oili huuzwa kwa chupa ya lita moja, na mteja aliyeinunua hutaka kuona inaisha. Lakini CG125 iliyomwagwa oili bila kufunguliwa injini huhitaji takriban lita 0.9; lita 1.1 ni za injini iliyofumuliwa yote ikakauka. Tofauti hiyo ni oili inayobaki imeng'ang'ania kuta na mifereji ya ndani. Fundi akikurudishia chupa yenye mabaki kidogo akasema, "Hii kaa nayo, kaka, utaongezea," huyo usimpoteze.

Mtazame pia anavyotumia kijiti. Kwenye injini hizo hukifuta, hukichomeka na kukiacha kikae juu ya hesi bila kukizungusha. Akikikaza hadi mwisho kitazama zaidi na kuonyesha oili ya kutosha wakati haitoshi. Aina nyingine zina utaratibu wao, na nyingine zina kioo ubavuni. Kitabu cha pikipiki ndicho hakimu. Kabla ya kupima, injini iungurume dakika mbili tatu, izimwe, kisha isubiriwe kwa muda kama huo oili ishuke. Hapa ndipo mafundi wengi huanguka, maana dereva anawaza hesabu ya bosi na anataka kuondoka.

Oili ikizidi, krenki huipiga hadi itoe povu, na povu halilainishi. Nyingine husukumwa kwenye chujio la hewa, au hutafuta sili dhaifu ipitie. Ikipungua ni balaa zaidi kwa wilaya hii ya Rungwe: ukipanda kutoka Kyela na mikungu ya ndizi nyuma, oili kidogo iliyopo hulala upande mmoja, pampu hunyonya hewa, na injini inaweza kunoki. Mimi napenda kiwango kikae karibu na alama ya juu, bila kuigusa.

Rangi isikutishe. Nyeusi ni kawaida, kwa kuwa oili imebeba masizi. Inayotisha ni ile iliyogeuka kama chai ya maziwa: maji yameingia, ama kwa mvua za huku, ama kwa injini ya safari fupi za baridi isiyopata joto la kukausha unyevu wake. Chupani tafuta maandishi JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi ya pikipiki. Oili nyingine za magari hulainisha mno, klachi ikaanza kuteleza.

Ila kipimo ninachokiamini kuliko vyote huja kabla ya kumimina mpya. Fundi hodari hukinga oili chafu kwenye kopo lenye alama, pikipiki ikiwa bado na joto ili itoke vizuri, kisha hutazama imetoka kiasi gani. Iliingia 0.9, imetoka nusu lita, na chini ya injini pakavu? Basi injini inaiunguza, na ni zamu ya kuzungumzia ringi. Kopo likijaa anamwaga kwenye dumu, maana wapo wanaoinunua wapake nguzo za uzio dhidi ya mchwa. Anayeifungulia mtaroni, mvua ikaipeleka mtoni, hata kijiti chake sihitaji kukiona.