Ukungu, Hatia na Mwisho wa Hadithi: Silent Hill 2 Ikisomwa Kutoka Ndabibi

Wahakiki wa fasihi wamezoea kuiweka kando michezo ya video, wakiihesabu kuwa burudani ya vijana isiyostahili kupimwa kwa vigezo vya fani na maudhui. Makala haya yanauchunguza mmoja wa michezo hiyo, Silent Hill 2, uliotolewa na kampuni ya Kijapani ya Konami mwaka 2001 na kuundwa upya na Bloober Team ya Poland mwaka 2024. Hoja kuu ni kwamba kitisho cha mchezo huu hakitokani na mazimwi yake, bali na namna unavyomtwika mchezaji wajibu wa mwisho wa hadithi. Ili kuipima hoja hiyo, mchezo utalinganishwa na kisa cha kweli ambacho sehemu yake imezikwa Ndabibi, magharibi ya Ziwa Naivasha.

Msuko wenyewe ni sahili. James Sunderland anapokea barua ya mkewe Mary, ambaye yeye anaamini alifariki kwa maradhi miaka mitatu iliyotangulia. Barua inamwita Silent Hill, mji ulio kando ya ziwa na uliogubikwa na ukungu. Katika mchezo wa kwanza wa mfululizo huu, wa mwaka 1999, ukungu ulisaidia kuficha udhaifu wa mtambo ambao haukumudu kuchora mandhari ya mbali. Katika huu wa pili, hitaji hilo la kiufundi limegeuzwa kuwa sitiari: asichokiona James ni kile asichotaka kukikumbuka. Mtoto Laura hupita katika mji huo huo bila kuona zimwi lolote. Nayo barua, kadiri safari inavyosonga, hupoteza maandishi yake, kisha karatasi yenyewe ikatoweka. Hatimaye, katika hoteli iliyo kando ya ziwa, mkanda wa video unafichua kwamba James ndiye aliyemziba mkewe pumzi kwa mto wa kulalia.

Ufichuzi huo pekee si jambo geni; msimulizi asiyeaminika anafahamika vyema katika riwaya. Upya wa kazi hii umo katika miisho yake. Mchezaji haulizwi anautaka upi. Mchezo humchunguza kimya kimya: je, alijitibu upesi alipojeruhiwa? Alikitazama mara kwa mara kisu alichokichukua kwa Angela, msichana aliyekata tamaa ya kuishi? Aliandamana kwa ukaribu na Maria, mwanamke anayefanana na Mary? Kutokana na mambo kama hayo James hujizamisha ziwani, au huondoka mjini pamoja na Laura, au humfuata Maria. Hadhira ya ngano huitikia na kuimba ikijua kwamba inashiriki; hapa ushiriki umefichwa, na mchezaji aliyedhani kwamba anamsoma James hubaini mwishoni kwamba yeye ndiye aliyekuwa akisomwa.

Kisa cha Ndabibi kinaidhihirisha tofauti hiyo. Diana, Lady Delamere, aliyefariki mwaka 1987, amezikwa huko kati ya waume zake wawili, Gilbert Colvile na Lord Delamere. Januari 1941 mpenzi wake, Josslyn Hay, Earl wa Erroll, aliuawa kwa risasi na maiti yake ikakutwa garini nje ya Nairobi. Mumewe wa wakati huo, Jock Delves Broughton, alishtakiwa na mahakama ikamwachilia. Hakuna mwingine aliyepatikana na hatia. Tangu kitabu cha James Fox, White Mischief (1982), na filamu iliyokifuata mwaka 1987, wasimulizi wameendelea kujiteulia muuaji. Huu nao ni mchezo wa miisho mingi, ila uteuzi haumgharimu lolote anayeuteua. Aidha, fumbo la risasi huwa ukungu wa aina yake: mkataba wa 1904, uliowaondoa Wamaasai katika nchi ya Naivasha ili ipewe walowezi, hubaki nyuma ya pazia, na Waafrika huonekana pembezoni kama watumishi.

Silent Hill 2 nayo haikosi dosari. Mateso ya Angela, aliyedhulumiwa na babake, hutumika zaidi kuakisi hatia ya James kuliko kusimama yenyewe. Na maneno kamili ya Mary husikika katika barua ya mwisho, wakati ambapo hakuna awezaye kumjibu. Hata hivyo, mchezo hauruhusu hatia iwe kitendawili cha kupitisha jioni. Aliyeumaliza hawezi kuuliza tu ni nani aliyeua. Hulazimika pia kuuliza mwenendo wake mwenyewe ulichangia nini katika mwisho alioupata. Swali hilo linawahusu pia wanaokisimulia na wanaokisoma kisa cha Ndabibi, na uhakiki wa Kiswahili unazo istilahi za kutosha za kuliuliza.