Pembe Isiyo na Kiraka

Pembe ya kondoo dume, ikiwa bado kichwani mwake, haipitishi pumzi. Ndani mna mfupa, na nje mna ganda la keratini, kitu kilekile kinachotengeneza kucha na kwato. Upande wa kichwani ganda ni jembamba na pana, likiuzunguka mfupa. Kadiri linavyopinda kuelekea nchani, linazidi kuwa nene na mfupa unazidi kusinyaa, hata sentimita kadhaa za mwisho zinakuwa ganda tupu lisilo na uwazi wowote. Anayetaka kutengeneza baragumu la Kiyahudi, shofari, sharti aupatie pumzi mlango hapo penye ugumu.

Nilimtazama fundi akiifanya kazi hiyo Jumapili moja ya Septemba, katika ua wa sinagogi huko Brooklyn, New York. Mwezi wa Eluli ulikuwa unaelekea mwisho, na Rosh Hashana, mwaka mpya wa Kiyahudi, huangukia siku ya kwanza ya mwezi unaofuata, Tishri. Majuma hayo familia hutoka pamoja. Baadhi ya waliokuwapo walikuwa wametoka kuchuma matufaha mashambani kaskazini ya jiji, yale yatakayochovywa katika asali usiku wa mwaka mpya. Watoto waliizunguka meza ya fundi wamevaa miwani ya kinga, na wazazi wamesimama nyuma yao.

Pembe zilizokuwa mezani zilikuwa zimeshapita hatua ambayo hakuna mtoto angependa kuinusa. Pembe mbichi huchemshwa mpaka mfupa ulegee, kisha mfupa hushikwa kwa koleo na kuvutwa nje. Ganda lililobaki huoshwa na kuachwa likauke kwa miezi, kwa sababu pembe yenye unyevu hujikunja baada ya kutobolewa. Fundi alikuwa amebakiza moja yenye mfupa wake, akawapitishia waione. Kando yake palikuwa na pembe ndefu ya kujisokota ya tandala, mnyama tunayemjua sisi tuliowahi kufika Ruaha. Wayahudi wa Yemen ndio waliozoea kupiga ya namna hiyo. Pembe ya ng'ombe haikuwapo, wala haiwezi kuwapo: sheria inaikataa, na marabi hulieleza katazo hilo kwa kuikumbuka ile ndama ya dhahabu ya jangwani. Ya kondoo dume ndiyo inayopendwa zaidi, kwa ajili ya yule aliyenaswa pembe zake kichakani, akachinjwa badala ya mwana wa Ibrahimu.

Alianza na waya. Aliuingiza kwa upande mpana wa pembe, taratibu, ukifuata mpindo mpaka ukagota. Akaushika kwa vidole pale ulipokutana na ukingo, akauchomoa, kisha akaulaza juu ya pembe kwa nje, ukipinda vilevile. Mahali ncha yake ilipofika aliweka alama kwa kalamu ya risasi. Akarudia kipimo. Alama ya pili ilitua juu ya ile ya kwanza, na hapo ndipo akafunga pembe kwenye jiliwa, ameizungushia kitambaa, akakata ncha kwa msumeno wa meno madogo. Hakukata kwenye alama. Aliacha sentimita tatu hivi za ganda gumu, maana humo ndimo kitakamotokea kinywa cha baragumu.

Sasa palikuwa na tatizo ambalo msumeno hauwezi kulitatua. Keekee hutoboa kwa mstari ulionyooka, na pembe imepinda. Fundi aliwasha mashine ya kupuliza hewa ya moto akawa anaizungusha pembe mbele yake bila kusimama, akisogeza, akirudisha, akigusa kwa kidole gumba. Harufu ya nywele zilizoungua ilijaa uani. Joto likipungua, pembe haikubali kunyooshwa. Likizidi, inaungua na kuwa kama kioo, na ufa utatokea baadaye, pengine baada ya wiki. Hakuwa na kipimajoto. Alikuwa na kidole gumba. Kilipomwambia basi, aliibana ile sehemu ya mwisho kati ya vipande viwili vya mbao, akainyoosha kidogo sana, akaichovya katika maji baridi. Akaitazama kwa jicho moja. Bado. Akarudi kwenye moto, mara ya pili, na ya tatu.

Uvumilivu huo una sababu yake. Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilishwa karibu mwaka 200, inasema kwamba baragumu lililopasuka likaunganishwa kwa gundi halifai. Lililotoboka likazibwa nalo halifai, ikiwa kiraka kinaizuia sauti. Seremala akikosea ana gundi, mshonaji ana uzi. Huyu hana kitu. Keekee ikitokeza ubavuni badala ya kuukuta uwazi, kazi ya miezi inaishia kwenye ndoo ya takataka. Ndiyo maana alitumia muda mwingi zaidi kuandaa tundu kuliko kulitoboa.

Alipotoboa, alianza na ncha nyembamba, mwendo wa polepole, akisimama kila baada ya muda mfupi kupoza na kutoa unga mweupe. Kisha sauti ya keekee ikabadilika, ikawa nyepesi. Alikuwa ameufikia uwazi. Akapitisha ncha nene zaidi kulipanua tundu, halafu msasa aliousokota kwenye kijiti, ili ndani pasibaki ngazi ya kuikata pumzi.

Kinywa alikichonga kwa tupa ya mviringo, akakipanua kidogo kidogo kama kikombe kidogo. Hakuna kipande cha fedha wala shaba kinachoongezwa hapo, kwa kuwa mdomo wa mpigaji sharti uiguse pembe yenyewe. Kila baada ya kupiga tupa alifuta, akapuliza. Mwanzoni ilitoka pumzi tupu. Akakwangua ukingo wa kushoto, akapuliza tena, ikatoka kelele ya kukwaruza. Akakwangua tena, safari hii kidogo mno hata sikuona tofauti yoyote, na sauti ikatoka nzima, ya chini, kisha akakaza midomo ikapanda. Watoto walioziba masikio na walioshangilia walikuwa sawa kwa idadi.

Kwa nje hakulainisha sana. Msasa ukizidi, ganda hupungua unene na sauti hudhoofika, na mimi niliipenda zaidi pembe iliyobaki na mikunjo yake kuliko zile zinazong'aa madukani. Aliipaka siki ndani kupunguza harufu, akaishika dhidi ya jua kutafuta ufa, akaigeuza, akaitafuta tena.

Kisha akawaachia watoto. Msichana mmoja wa umri wa miaka tisa hivi, aliyekuja na babu yake, alipima kwa waya mara mbili kama alivyoona, na fundi akamshika mkono wakati wa keekee. Babu akamfundisha milio: tekia, mmoja mrefu, shevarimu, mitatu ya kukatika, terua, tisa mifupi ya haraka. Katika masinagogi mengi hufika 100 kwa siku ya mwaka mpya. Fundi alimwonya asivimbishe mashavu, aweke kinywa pembeni mwa midomo kama katikati hapatoi sauti, na apumzike midomo ikianza kuwasha. Ajizoeze kila asubuhi, alimwambia, isipokuwa siku ya Sabato, na siku ya kuamkia mwaka mpya aliweke baragumu kando, kwa sababu asubuhi ya siku hiyo halipigwi.