Mpira wa Baiskeli na Ukuta wa Chokaa

Mafundi bomba wengi wanaudharau mpira wa baiskeli. Fundi akiitwa usiku, akakuta bomba lililotoboka limefungwa kwa kipande cha tyubu kuukuu, atacheka kwanza, kisha atatoa spana. Kwa nyumba kongwe za Mji Mkongwe wa Unguja mimi nasimama upande wa mpira. Hasara kubwa huanza spana inapotoka mkobani.

Tuchukue hali ambayo wakaazi wa mji huo wanaijua. Nyumba ya ghorofa mbili, kuta nene za mawe ya matumbawe zilizoungwa kwa chokaa na udongo, dari za boriti za mikoko. Maji ya kutoka chemchemi ya upande wa Bububu yaliletwa mjini enzi za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, lakini nyumba nyingi hazikujengwa kwa kutarajia mabomba tumboni mwake. Yaliingizwa baadaye: ukuta ulichimbwa mfuo, bomba la chuma lenye ngozi ya zinki likalazwa humo, juu likapigwa plasta. Sasa rangi ya ukuta wa ngazini imevimba na maji yanachuruzika sakafuni.

Koki kuu ya zamani ikiwa imekwama, iachwe. Ukiilazimisha, shina lake hukatika na hapo mvujo mmoja umezaa wa pili. Ni afadhali kupanda juu ukafunga mdomo wa tangi, ukazima pampu, ukafungua mfereji wa chini kabisa ili bomba lijimwage. Umeme wa upande huo nao uzimwe kabla mtu hajagusa ukuta, kwani nyaya za zamani hazikosi kupita jirani.

Ndipo plasta ivunjwe polepole mpaka tundu lionekane, na zamu ya mpira ifike. Tyubu hukatwa utepe wa upana wa vidole viwili hivi. Huanza kuzungushwa kwenye chuma kizima, mbali kidogo na tundu, ukivutwa kwa nguvu, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia, kisha hubanwa kwa waya au klipu. Kwa nini utepe huo unashika? Tangi lililo mita 10 juu ya tundu hutoa presha ya baa 1, yaani takriban kilo moja kwa kila sentimita mraba. Tundu la milimita 2 lina eneo dogo mno, kwa hiyo maji yanausukuma mpira kwa nguvu ya gramu 30 hivi tu. Utepe uliovutwa vizuri haulemewi na uzito mdogo kiasi hicho. Huo si ushirikina wa mafundi wa mtaani, ni hesabu.

Hesabu hiyo hugoma kwenye maungio, na huko ndiko mabomba haya huvuja zaidi. Bomba la nusu inchi la daraja la kati lina unene wa milimita 2.6. Tredi yake ina kina cha milimita 1.16. Aliyechonga tredi, basi, aliondoa karibu nusu ya chuma, na akaondoa pia ile zinki iliyokuwa ngao. Kutu ikaanzia hapo, kwenye milimita 1.4 zilizobaki. Maji ya mgao huizidishia kasi: bomba likiwa tupu hewa huingia, likijaa huloana upya. Mpira ukifungwa juu ya soketi, maji hufuata njia ya tredi na kutokea upande mwingine.

Ndipo fundi anaposhika spana na kukaza. Bomba lililokaa ukutani miaka 40 halizunguki peke yake. Nguvu ya mkono husafiri hadi kwenye elbo inayofuata, ndani ya ukuta, mahali ambapo tredi imeoza vilevile. Mvujo wa ngazini unakoma, nyumba nzima inashukuru, na baada ya siku chache chumba cha juu kinaanza kulowa. Watu husema presha imepanda. Bomba limevunjwa na mkono uliokuja kulitengeneza.

Anayejua kazi hutumia spana mbili, moja ikishikilia na nyingine ikizungusha. Hata hivyo akifika kwenye soketi iliyooza hapambani nayo. Hukata bomba kwa msumeno mpaka kwenye chuma kinachong'aa, huchonga tredi mpya hapo hapo, na kuunga kwa yunioni, maana kipande cha katikati hakiwezi kuzungushwa wakati ncha zote mbili zimefungwa. Lakini dai ya kuchongea tredi nayo inazungusha. Kama hakuna wa kushikilia bomba nyuma yake, tumerudi palepale.

Kwa maoni yangu, ukishafungua ukuta namna hiyo, mstari mzima wa chuma ustaafishwe. Upitishwe mpya wa plastiki ile inayoungwa kwa moto wa nyuzi 260 hivi, nje ya ukuta, kwa klipu, uonekane. Wenye nyumba hawapendi. Wanasema unaharibu sura ya sebule. Ila bomba linaloonekana likianza kutoa tone moja kila sekunde utalijua siku hiyo hiyo. Lililofichwa litamimina lita 4 na ziada kwa siku, zaidi ya lita 120 kwa mwezi, na zote zitanywewa na chokaa.

Na chokaa hainywi bure. Udongo uliomo ukutani hulainika, chumvi hutoka na kupasua uso wa plasta, na ncha za boriti zilizozikwa ukutani huoza pasipo mtu kuziona. Zinazobeba dari ni ncha hizo. Ndiyo maana nashangaa kuona shimo linazibwa kwa saruji jioni ya siku bomba lilipopona. Saruji haipumui kama chokaa. Unyevu uliomo ndani hukosa pa kutokea na kuelekea kwenye mbao. Shimo libaki wazi wiki kadhaa, madirisha yafunguliwe, ncha za boriti zilizo karibu zichomwe kwa bisibisi kuona kama bado ni ngumu. Bisibisi ikizama, aitwe fundi wa dari kabla ya mpiga plasta, na dari ipewe nguzo siku hiyo hiyo.

Plasta yenyewe, ikifika zamu yake, iwe ya chokaa.