Umeme wa Upepo Ulivyogeuzwa Gesi Werlte

Mtambo wa Werlte, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, ulizinduliwa mwaka 2013 na kampuni ya magari ya Audi ili umeme wa upepo uhifadhiwe ukiwa gesi. Upepo unapozalisha umeme mwingi kuliko unaohitajika, ziada hupelekwa kwenye elektrolaiza tatu zenye jumla ya megawati 6, nazo huyatenganisha maji kuwa oksijeni na haidrojeni.

Haidrojeni ingeweza kuhifadhiwa ilivyo, lakini mabomba ya gesi ya nchi hiyo yalijengwa kwa ajili ya methani na hupokea haidrojeni kidogo tu. Ndipo ikaongezwa hatua ya pili: molekuli nne za haidrojeni hukutanishwa na moja ya kabonidioksaidi juu ya kichocheo, ikapatikana methani pamoja na maji. Msingi wa mmenyuko huo uliwekwa na Mfaransa Paul Sabatier, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1912.

Kazi ngumu ni kulidhibiti joto. Mmenyuko hutoa joto jingi, na likizidi, methani hupungua na kichocheo huharibika. Kwa hiyo mirija yenye kichocheo ilizungushiwa chumvi iliyoyeyushwa, inayolichukua joto na kulitoa nje. Ustadi mkubwa zaidi wa wasanifu unaonekana katika matumizi ya joto hilo. Jirani kuna kiwanda cha bayogesi kinachosafisha gesi yake kwa kimiminika cha amini, ambacho hunasa kabonidioksaidi na hakiiachii mpaka kipashwe moto. Joto la mtambo wa methani likaelekezwa kwenye amini hiyo, na kabonidioksaidi iliyoachiwa ikawa malighafi ya methani yenyewe. Bila ujirani huo hesabu isingekaa sawa.

Hata hivyo, ni takriban asilimia 54 tu ya nishati ya umeme inayobaki ndani ya gesi. Gesi hiyo ikichomwa kuzalisha umeme tena, kinachorudi hakizidi sana theluthi moja. Mabwawa ya kupandishia maji, njia nyingine ya kuhifadhi umeme, hurudisha zaidi ya asilimia 70, na kwa akiba ya usiku mmoja yanafaa kuliko gesi. Lakini mabwawa yote ya Ujerumani hubeba takriban gigawati-saa 40, ambazo nchi huzimaliza kwa saa moja hivi. Maghala yake ya gesi chini ya ardhi hubeba zaidi ya terawati-saa 200, akiba inayohesabiwa kwa miezi.