Gololi Imerudi Kileleni: Nimeiona Modeli ya Seli Shina Matinyani!

Nimeiona! Gundi haijakauka, na mpwa wangu wa gredi ya tisa amenikemea mara mbili, "Mjomba, usiguse hapo!" Lakini nimeigusa, na vidole bado vinanisisimka. Juu ya meza ya dada yangu hapa Matinyani kuna modeli ya mradi wa sayansi kuhusu utafiti wa seli shina, na sijawahi kuona jambo gumu kiasi hiki likielewekea mikononi kabla ya kufika kwenye maneno.

Msingi wake ni mlango wa kabati kuukuu. Sehemu ni tatu, na kila moja inafanya kazi. Hakuna picha iliyobandikwa ikaachwa hapo kama pambo.

Anza na mfupa. Ni paja halisi la ng'ombe, limechemshwa, likaanikwa, likapasuliwa kwa msumeno. Mle mlimokuwa na uboho, ule tunaounyonya siku ya supu, zimejazwa ndengu. Hapa Kitui, ungetafuta punje gani nyingine? Kila ndengu ni seli shina ya damu. Kutoka kwake zinatoka nyuzi za katani: mmoja hadi kwa shanga nyekundu zinazobeba oksijeni, mmoja hadi kwa shanga nyeupe zinazopigana na maradhi, mmoja hadi kwa ufuta, vile visahani vinavyogandisha damu. Mwaka wa 1961, James Till na Ernest McCulloch wa Toronto walianza kuonyesha kwa panya kwamba uboho una seli zenye uwezo huu wa kuzaa aina mbalimbali za seli za damu. Hapa unavuta ndengu moja na shanga zote zinatikisika!

Sasa mlima, na hapa ndipo nilipopiga ukelele. Umefinyangwa kwa udongo mwekundu, na mabonde yake matatu yameandikwa moyo, ngozi na neva. Unaachilia gololi, yaani seli, kileleni, inateremka na kutulia bondeni. Conrad Waddington alichora mlima wa namna hii mwaka wa 1957, na kwa muda mrefu wengi waliamini kwamba seli ikishateremka, imeteremka. Lakini tazama kule chini kwenye bonde la ngozi: gololi imetua ndani ya kifuniko cha soda kilichofungwa nyuzi nne. Vuta nyuzi tatu, kifuniko kinainama na gololi inaanguka. Vuta zote nne kwa pamoja, na gololi inapanda hadi kileleni! Huyo ndiye Shinya Yamanaka wa Kyoto, aliyeanza na jeni 24 akazichuja hadi 4, ndizo nyuzi hizi nne, na mwaka wa 2006 akarudisha seli za ngozi ya panya kwenye hali ya ushina. Mwaka wa 2012 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon. Nimevuta nyuzi hizo mara kumi na moja.

Sehemu ya tatu ni paipu mbili angavu, zile ambazo fundi hutumia kupimia usawa wa ukuta. Mimina maji: katika ya kwanza shanga za mviringo zinapita. Katika ya pili vipande vya kibuyu vilivyochongwa umbo la mundu vinakwama. Huo ndio ugonjwa wa selimundu, na uchungu wake unauona kwa macho. Kando yake pameandikwa Dodoma, 2023: Hospitali ya Benjamin Mkapa yaanza kuwapandikiza uboho watoto wenye selimundu. Dodoma, jirani zetu! Chini yake pana tiba ya Casgevy, inayohariri jeni za seli shina za mgonjwa mwenyewe, iliyoidhinishwa kwanza Uingereza mwezi wa Novemba 2023. Mpwa wangu ameandika bei yake ya Marekani kwa kalamu nyekundu: dola milioni 2.2. Amefanya vyema sana. Anayeeleza athari za utafiti aeleze pia nani ataufikia.

Mapungufu? Yapo mawili. Baadaye ilibainika kwamba jeni tatu zaweza kutosha, ila kwa shida zaidi, kwa hiyo nyuzi tatu zingestahili kuipandisha gololi polepole badala ya kuiangusha. Pia mjadala wa maadili ya kutumia viinitete, uliowaka tangu James Thomson alipozipata seli shina za kiinitete cha binadamu mwaka wa 1998, umepewa kijikaratasi kimoja pembeni. Unastahili nafasi kubwa zaidi.

Lakini mzazi, mwalimu, iga wazo hili! Usinunue plastasini. Tafuta kitu kinachosogea.

Dada yangu alikuja na chai, akavuta nyuzi nne, akaitazama gololi ikipanda. Akauliza, "Kwa hiyo ngozi yangu yaweza kuwa moyo?"

Binti yake akaisukuma gololi taratibu kuelekea bonde la moyo. "Tazama, mama."